Barabara ya mtaa hufa kila masika na bajaji hazifiki: tumlilie nani?

SWALI: Shikamoo injinia. Naishi Manispaa ya Mtwara Mikindani, mtaa ulio ndani kidogo kutoka barabara ya lami inayopita Naliendele. Kutoka lami hadi kwetu ni kama kilomita mbili za udongo. Kila mwaka greda linapita, tunashangilia, kisha mvua zikishika Desemba mpaka Aprili pote ni makorongo. Bajaji wanagoma kuingia, na anayekubali anataka bei mara mbili. Daladala zinatushusha lamini, na asubuhi makonda wanawakimbia wanafunzi, binti yangu akiwemo. Ofisi ya kwanza niliyokwenda iliniambia njia hiyo si yao, ya pili ikanirudisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Tumlilie nani? Kwa nini wasituwekee lami yakaisha? Na je, kuna ubaya tukichanga wenyewe tukamwaga kifusi?

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa kuzungushwa. Umeuliza mambo mawili ambayo watu wengi huyafunga kamba moja: barabara yenyewe, na usafiri unaopita juu yake. Kila moja lina mwenye dhamana wake na sheria zake. Nitakaa zaidi kwenye barabara, kwa sababu ikikaa sawa sehemu kubwa ya ugomvi wenu na bajaji itapungua yenyewe. Na msimamo wangu nausema mapema: kwa njia ya kilomita mbili kama yenu, msianze kwa kudai lami. Daini maji yatolewe barabarani, na mdai hivyo kwa ofisi inayohusika, katika miezi ambayo bajeti inaandikwa. Wananchi wengi hudai kitu kikubwa mwezi wa Machi wakati matope yanawauma, wakati fedha za mwaka huo zimeshapangiwa kazi na za mwaka unaofuata zimeshaandikwa.

Tuanze na udongo wenu. Ardhi ya Mtwara, kuanzia pwani hadi unapopanda uwanda wa Makonde kule Tandahimba na Newala, kwa sehemu kubwa ni kichanga. Kichanga kina tabia yake. Kiangazi kikikauka kabisa hakina mshikamano, tairi linazama na bajaji inayumba. Kikipata unyevu kidogo kinashikana, ndiyo maana baada ya manyunyu njia huwa nzuri kuliko ilivyokuwa Septemba. Lakini maji yakianza kutiririka juu yake hakina ubavu wa kuyazuia. Chembe moja ikibebwa, ya jirani inafuata, na penye mteremko ufa wa upana wa kidole unaweza kuwa korongo la kuzamisha gurudumu kwa mvua moja kubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa mabonde ya mito upande wa Kilwa, una ugonjwa mwingine: haubebwi upesi, ila unalainika mpaka gari linakaa juu ya ekseli. Dawa ya huko si dawa ya kwenu. Kwenu adui ni maji yanayokimbia.

Mvua ijayo ikinyesha, tafadhali mtu mmoja avae koti asimame pembeni ya njia aangalie. Maji yanakwenda pembeni, au yanakimbia katikati kwa urefu wa barabara? Kama yanakimbia katikati, barabara yenu imeshakuwa mtaro, na hakuna greda litakaloiponya kwa kupita tu. Barabara ya udongo au changarawe lazima iwe na mgongo: katikati juu, kingo chini, kwa mwinuko wa asilimia 4 hadi 6. Kwa njia ya upana wa mita 5, katikati inatakiwa izidi ukingo kwa sentimita 10 hadi 15. Mnaweza kupima wenyewe. Chomekeni fimbo mbili, moja kila ukingo, fungeni kamba ipite ikigusa katikati ya barabara, isawazisheni kwa pimamaji ya fundi mwashi, kisha pimeni kutoka kamba hadi chini kwenye kila ukingo. Mkikuta sentimita 2 au 3, au mkikuta katikati ndiko chini kuliko pembeni, mmeshapata sababu kuu ya makorongo yenu, na mna kipimo cha kuandika kwenye barua badala ya kuandika kwamba barabara ni mbovu. Neno "mbovu" kila mtaa wa mkoa huu unaliandika.

Sasa greda. Umesema linapita kila mwaka na kila mwaka njia inakufa. Sishangai. Kazi nyingi za namna hiyo hufanyika kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa. Udongo mkavu haushindiliki. Ili chembe zishikane unatakiwa unyevu wa kiasi, kwa hiyo greda linapaswa kufuatana na boza la maji na rola. Likipita peke yake linakwangua juu, linalegeza kilichokuwa kimeanza kukaza, linasawazisha kwa macho, na mvua ya kwanza inabeba ule unga wote. Lipo na tatizo la pili ambalo halionekani upesi: kila ukwanguaji unashusha barabara kidogo. Baada ya miaka kadhaa njia inakuwa chini kuliko viwanja vya pande zote mbili, na hapo maji ya paa na ya uani kwa kila mtu yanateremkia barabarani. Tatizo la tatu ni yale matuta ya udongo ambayo greda huyaacha kwenye kingo. Yanazuia maji yasitoke. Siku mkiona greda mtaani, mtu mmoja anayejieleza vizuri amwendee msimamizi wa kazi na kumwomba kwa heshima ayaondoe matuta hayo na afungue michepuo, yaani mitaro midogo ya kutoa maji pembeni, kabla hajaondoka. Ni kazi ndogo kwa aliye na mtambo mkononi, na inaokoa msimu mzima.

Kwa hiyo mnachotakiwa kukidai ni hiki: njia inyanyuliwe na kurudishiwa mgongo, mitaro ichongwe pande zote mbili, michepuo itoe maji ya mtaroni kwenda pembeni kila baada ya mita chache kwenye mteremko, ili yasijikusanye na kupata nguvu, kalavati liwekwe penye bonde, na changarawe yenye udongo wa kushika imwagwe na kushindiliwa kwenye sehemu korofi pekee, si kilomita mbili zote. Kuhusu kalavati, msikubali bomba jembamba. La kipenyo cha sentimita 60 ni la chini kabisa kwa mtaa wenye watu, na la 90 ni bora, kwa sababu dogo likiziba hakuna wa kuingia kulizibua. Mifuko na chupa huliziba mapema kuliko mchanga.

Halafu kuna swali ambalo injinia hawezi kulijibu peke yake: maji yakitolewa barabarani yaende wapi? Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapokwama. Mchepuo mmoja unaelekea kwenye shamba la mikorosho la mtu, wa pili kwenye kiwanja ambacho tayari kimejengwa msingi, na wa tatu kwenye mkondo wa asili ambao mtu ameufukia ili apate uwanja. Mkandarasi akiona ugomvi huondoka, na mtaro unaishia katikati. Nimeona njia nyingi zikifa kwa sababu hiyo kuliko kwa kukosa fedha. Kaeni kikao cha mtaa mkubaliane njia ya maji kabla hamjaomba chochote. Mwenye kiwanja kitakachopitiwa asikilizwe, njia ipitishwe mpakani panapowezekana, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari yakasainiwa. Waliofukia mtaro mbele ya nyumba zao ili gari liingie uani waambiwe waweke kalavati dogo la mlango au wauzibue. Mtaa ukifika ofisini na muhtasari wa namna hiyo, injinia ana kazi ya kufanya badala ya ugomvi wa kusuluhisha, na mpangaji yeyote ataanza na mtaa huo.

Usidhani maji yanaonea njia za udongo tu. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara wilayani Kilwa, Somanga ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Ile ni barabara ya lami, barabara kuu, iliyosubiriwa kwa miaka: Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, na kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga kikachelewa kuliko vyote. Maji yalizidi uwezo wa makalavati, yakabeba tuta, na lami ikabaki inaning'inia bila kitu chini yake. Abiria walikwama, wengine wakazungukia Songea na Njombe. Kilichofuata ni ujenzi wa madaraja mapya katika maeneo kama Somanga na Mikereng'ende, yaani kuyapa maji nafasi pana ya kupita. Kama lami ya barabara kuu inaweza kubebwa kwa kukosa njia ya maji, lami nyembamba ya mtaani ingedumu misimu mingapi?

Hilo ndilo jibu langu la swali lako la lami, ingawa sitaki ulielewe vibaya. Watu wa kusini wamesubiri sana, na wanastahili lami kama wengine. Lami ina mahali pake: njia yenye magari mengi, inayokwenda zahanati, shule, soko au ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Lami iliyomwagwa juu ya njia isiyo na mitaro huchimbika kingoni, na shimo la lami ni baya kuliko la udongo kwa sababu greda haliwezi kulisawazisha. Linahitaji kukatwa na kuzibwa kwa nyenzo na fundi wake. Mitaro na makalavati mtakayoyapata sasa hayatapotea. Siku lami ikija itawekwa juu ya kazi hiyo hiyo. Na kama kuna mteremko mmoja mkali ambao ndio unaoziua bajaji zote, ombeni kipande hicho pekee kiwekwe zege au mawe. Mita hamsini za zege mahali panapostahili zinafungua mtaa mzima.

Neno moja kuhusu malori, kwa kuwa kila mtaa unaokua una malori ya mchanga na matofali. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito, bali karibu kwa kipeo cha nne: ekseli yenye uzito mara mbili huharibu takribani mara 16. Bajaji na pikipiki zenu haziharibu kitu cha kuhesabika. Lori moja lililojaa mchanga, likiingia siku ambayo njia imelowa, linafanya madhara ambayo bajaji zote za kijiweni kwenu hazitayafikia kwa mwaka. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya mizani kuwa jambo la kufa na kupona kwa barabara ya Songea, Masasi hadi Mtwara, tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kupita kwenda bandarini. Kwenu, kikao cha mtaa kinaweza kupanga malori ya ujenzi yasiingie siku ya mvua na siku inayofuata, na kuomba kibao cha ukomo wa uzito kwa wenye barabara.

Na wenye barabara ni nani? Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Hiyo lami ya Naliendele, inayoelekea Mnivata na kuendelea Tandahimba, Newala hadi Masasi, ni ya TANROADS. Njia za wilaya, za vijijini na za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kuchukua kazi iliyokuwa ya halmashauri. Kwa hiyo mkienda TANROADS na njia ya mtaa mtaambiwa si yao, na watakuwa wamesema kweli. Mkienda Manispaa nako hawana greda la kuwapa, lakini madiwani wana sauti katika kupanga vipaumbele. Taka zilizojaa mtaroni na mtu aliyejenga kwenye njia ya maji, hayo ni ya Manispaa. Ndugu zetu wa Msangamkuu, ambao barabara yao ni kivuko, wao mlango wao ni TEMESA, wakala wa serikali wenye vivuko. Nimeandika hivi kwa urefu kwa sababu kuzungushwa kwako kulianzia hapa: hukukosea kulalamika, mlango ndio haukuwa wake.

Kabla ya kwenda, uliza jambo moja TARURA: je, njia yetu imo kwenye mtandao wa barabara mnaozihudumia? Mitaa mingi iliyokua haraka ina njia ambazo hazijaingizwa kwenye orodha rasmi, na njia isiyo kwenye orodha haipangiwi fedha za matengenezo hata ilie vipi. Kama haimo, ombi lenu la kwanza ni kuisajili, kupitia mtaa, kata na baraza la madiwani. Kama imo, ulizeni namba na jina lake, mlitumie kwenye kila barua.

Sasa fedha, maana hapa watu hukasirika bila kujua ukubwa wa jambo. Kila lita ya petroli na dizeli, hata ile inayoingia kwenye bajaji, ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Mgawanyo uliozoeleka wa mfuko huo ni takribani asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za ngazi ya halmashauri. TANROADS ina mtandao unaokaribia kilomita 37,000. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na ilikuwa nyongeza ya maana. Bado hesabu haitoshi. Barabara kuu zinabeba mizigo mizito na zinagharimu sana, nakubali. Lakini mgonjwa, mwanafunzi na gunia la korosho vyote huanza safari kwenye njia ya udongo, na mimi naamini mgawanyo huo ulistahili kutazamwa upya zamani. Kwenu maana yake ni kwamba meneja wa wilaya ana maombi mengi kuliko fedha. Anayepita ni yule aliyeleta ombi dogo, lililopimwa, lenye mahali na sababu.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bunge linajadili bajeti Aprili hadi Juni. Makadirio ya huku chini huandaliwa kati ya Novemba na Februari. Kwa hiyo fanyeni hivi: masika haya pigeni picha, kila korongo, mahali pale pale, na mtu au fimbo ya kupimia ndani ya picha. Andikeni umbali kutoka lami. Oktoba itisheni mkutano wa mtaa, mpitishe ombi, muhtasari usainiwe, na barua iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya ikipitia kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na mbaki na moja. Barua nzuri ni ukurasa mmoja. Mfano wa maneno: "Kuanzia mita 400 hadi mita 650 kutoka barabara ya lami, maji yanapita katikati ya njia kwa kukosa mgongo na mtaro wa kushoto. Mita 900 kuna mkondo usio na kalavati. Mtaa umekubaliana njia ya maji kama inavyoonyeshwa kwenye muhtasari. Tunaomba sehemu hizi mbili ziingizwe kwenye matengenezo ya sehemu korofi ya mwaka ujao." Injinia akisoma hivyo anaweza kupiga hesabu bila hata kuinuka kitini, kisha akaja kuhakiki.

Diwani wenu muulizeni mwezi Februari kama ombi limeingia. Msisubiri awaambie. Likikwama mwaka wa pili mfululizo, kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, ambapo wabunge na wenyeviti wa halmashauri hukaa na TANROADS na TARURA. Mbunge anayekwenda kwenye kikao hicho na karatasi yenu mkononi ana hoja. Anayekwenda na malalamiko ya jumla atajibiwa kwa jumla.

Kazi ikifanyika, someni kibao cha mradi au muulize jina la mkandarasi, urefu wa kazi na kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho, ambacho mara nyingi hufika mwaka mmoja kwa kazi za ujenzi, mkandarasi anawajibika kurudia kilichoharibika kwa kasoro yake, na sehemu ya malipo yake huzuiwa kwa ajili hiyo. Wananchi wengi hunyamaza kipindi hicho chote, wanapiga kelele kikishakwisha. Kalavati likititia wiki ya tatu, barua iende wiki ya nne. Na daraja au kalavati likikatika kabisa, hiyo ni dharura. Msisubiri Oktoba, toeni taarifa siku hiyo hiyo.

Nije kwenye usafiri. Daladala inasimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na ina ofisi Mtwara na Lindi. Daladala ina leseni yenye ruti, na ruti ina mwanzo na mwisho. Kama ruti iliyoandikwa inaishia lamini, haiwezi kulazimishwa kuingia kwenu. Kinachowezekana ni mtaa kuomba ruti iongezwe, na LATRA itauliza kwanza hali ya njia, ndiyo maana nimeanza na barabara. Lakini kama ruti inafika mbali zaidi na suka anawashusha katikati ageuze, huko ni kukatisha ruti, ni kosa, na linashtakiwa. Kuwakimbia wanafunzi nako ni kosa. Katika nauli zilizotangazwa Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600 kwa mtu mzima na shilingi 200 kwa mwanafunzi. Konda anapiga hesabu ya tofauti hiyo kila asubuhi, kwa kuwa ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Naielewa shida yake. Mtoto aliyeachwa kituoni mpaka saa mbili anaadhibiwa kwa shida isiyo yake.

Kinachofanya kazi ni ushahidi. Wazazi wawili au watatu wapeane zamu kusimama kituoni asubuhi kadhaa, waandike namba ya gari, saa, na idadi ya watoto walioachwa. Orodha iende LATRA na kwa askari wa usalama barabarani kwa wakati mmoja, mkuu wa shule akiongeza barua yake. Mkiona malalamiko hayashughulikiwi, lipo baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Wakati huo huo nakusihi usimruhusu binti yako kupandishwa mshikaki kwenye bodaboda ili tu awahi kipindi cha kwanza. Pikipiki ni abiria mmoja.

Bajaji ni habari tofauti. Ya kukodi bei yake kwa kawaida ni maelewano, na dereva anayeingia kwenye makorongo anavunja shokapu na beringi kwa mfuko wake, huku hesabu ya tajiri ikimsubiri. Kumtukana hakusaidii. Mwenyekiti wa mtaa akae na viongozi wa kijiwe, mkubaliane bei mbili: ya kiangazi na ya masika, kwa mtu mmoja na kwa bajaji nzima, na bei ya mgonjwa au mjamzito usiku. Ziandikwe, zibandikwe kijiweni na kwa mtendaji. Madereva nao wana hoja zao, na wao ndio wanaojua shimo lililoongezeka jana. Waiteni kwenye mkutano wa Oktoba, saini zao kwenye barua ya TARURA zina uzito.

Swali lako la mwisho, michango na kifusi. Kuchanga si vibaya. Kumwaga kifusi ovyo ndiyo vibaya. Mara nyingi watu wa mtaa hununua lori la mabaki ya nyumba, matofali yaliyovunjika na mchanga, wakajaza korongo. Maji yanayotumia korongo hilo hayaondoki. Yanatafuta upande wa pili, yanakata njia mahali papya au yanaingia uani kwa jirani, na greda likija linakuta mawe makubwa yanayovunja kisu. Fedha ya mchango itumieni kwanza kwa majembe na vibarua wa kuzibua mitaro na makalavati mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika, na tena katikati ya msimu. Vijana wa mtaa wakijiunga kwenye kikundi kilichosajiliwa wanaweza hata kuomba kazi hiyo kwa malipo, kwa kuwa sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Muulizeni meneja wa TARURA utaratibu wake. Mkibaki na fedha ya kifusi, mwombeni fundi wa TARURA aje awawekee mambo matatu: aina ya changarawe, mahali pa kuimwaga, na vigingi vya kuonyesha kimo cha katikati na cha kingo. Kisha imwageni kwa tabaka nyembamba, mkimwagia maji na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka linalofuata, na lori lisiondoke mpaka michepuo yote iwe wazi.